Onyo Lililonyamazishwa

Foleni ya kahawa chini ya jengo la ofisi ilikuwa imefika mlangoni. Fundi, kijana aliyeandika programu za mashine za hospitali, alikuwa ameikumbatia kompyuta iliyo wazi, onyo jekundu likimkodolea macho.

"Hilo usilinyamazishe," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Gauni la kijani, viatu bapa, macho yasiyoogopa mtu. Ndiye mkaguzi mpya wa programu, wa ghorofa ya tano.

"Mbona inafanya kazi?"

"Kwa leo. Kielekezi chako, kinachokiita kile kipande cha programu, ile fanksheni, kinaahidi kwamba inapokea anwani ya kitu chochote kwenye kumbukumbu, kumbe imeandikwa ipokee ya rekodi ya mgonjwa peke yake. Ukibadilisha mashine, itakuangusha."

"Na wewe unapokea nini?"

"Kahawa. Bila sukari."

Mapenzi yakawakolea, wakawa hawaachani. Mpaka mama yake Fundi alipopita ofisini, akamkuta Mkaguzi anamtoa mwanawe uzi kwenye kola.

"Huyu nani, baba?"

"Mwenzangu wa kazini, Mama."

Mkaguzi alimwamkia mama kwa heshima, akachukua mkoba wake, akaondoka. Simu za Fundi hakuzipokea. Kumbe anaitwa laazizi faraghani, mchana kweupe anakanwa. Ilimuuma sana.

Siku ya kutoa programu, kazi ya Fundi ilirudishwa na Mkaguzi kwa maneno mawili: Sipitishi hii. Akapiga simu. Safari hii ilipokelewa.

"Mpenzi, unanikomoa?"

"Sikomoi mtu kwa kazi. Umeuambia ukaguzi wa kompyuta uipuuze ile fanksheni. Onyo limenyamaza, kosa lipo palepale."

"Nifanyeje?"

"Iandike inavyotakiwa. Basi."

Fundi akaifuta amri ya kupuuza. Akaiandika fanksheni upya ipokee anwani yoyote, kama kielekezi kinavyoahidi, kisha rekodi ya mgonjwa itambuliwe humo ndani. Ukaguzi ukapita bila onyo hata moja. Halafu akapanda ghorofa ya tano, simu mkononi, spika imewashwa, ofisi nzima inasikia.

"Mama, yule binti nilikudanganya. Si mwenzangu wa kazini tu. Ndiye ninayetaka kumuoa, kama bado ananitaka."

"Nilijua," mama akajibu. "Mwenzako wa kazini gani anakutoa nyuzi kwenye kola? Hebu nipe mkwe wangu."

Mkaguzi akaichukua simu, machozi yakimlenga. "Shikamoo, Mama. Ndiyo, bado namtaka."

Kisha akamgeukia Fundi. "Sasa napitisha."