Rimu Nzito Kwenye Gari ya Mzee Adelard

Enzi za mzee Adelard, Jumapili pale kwao Ukonga ilikuwaga na mlio wake. Kwanza fagio uani. Halafu kopo likigonga ndoo, mzee anaosha Corolla yake. Halafu mkewe, Demetria, anatoka na kitenge cha kanisani, anakaa kiti cha mbele, safari inaanza. Barabara ya mtaa ilikuwa mashimo matupu, na mpaka leo ni mashimo. Lakini ile gari ilikuwaga inayapita kama inayajua kwa majina.

Binti yao Herieth alikuwaga anakaa nyuma, kichwa dirishani. Sasa mzee hayupo, usukani anaushika yeye. Kila siku anaenda nayo Mabibo, kwenye hosteli za wanafunzi, kwenye kazi yake ya ukarani.

Mzee alipotimiza mwaka kaburini, familia ikaandaa misa ya kumbukumbu. Ndugu walikuwa wanakuja kutoka Bukoba. Kaka yake Herieth, Deogratias, akasema, "Watu wasafiri kote huko, waje waikute gari ya mzee imechoka? Haiwezekani." Akanunua rimu kubwa za mtumba, zinang'aa mpaka unajiona sura, na tairi zake za ubavu mwembamba. Za zamani zikaenda stoo. Siku ya misa, watu walipiga picha nyingi na gari kuliko walizopiga na padri.

Baada ya hapo gari ikawa siyo ile. Usukani mzito. Ukikanyaga mafuta, inasita kwanza. Ikiingia shimoni inagonga mpaka meno yanalia.

Siku ya tatu mama akasema, "Hii siyo gari ya baba yenu."

"Ni hiyo hiyo, mama," Herieth akajibu.

"Miaka kumi na nane nimekaa kiti hiki. Mniambie nyie?" Tangu siku ile akawa anapanda bajaji.

Herieth akadhani kwa mama ni majonzi tu. Ila kwa kule kugonga akaipeleka gari gereji, wakabadilisha shokapu, zile za kupunguza mtikisiko. Wapi, bado inagonga.

Asubuhi moja ya mvua alikanyaga breki kwenye kivuko cha watembea kwa miguu. Gari ikapitiliza mstari. Binti mmoja mwanafunzi akaweka mkono kwenye boneti, akamtazama, akaondoka. Honi zikalia nyuma, ndipo Herieth akaiondoa gari.

Alivyomsimulia Deogratias, kaka akakata shauri. "Tuiuze. Gari nayo imemfuata mzee. Kuna jamaa wa Mikocheni anaitaka, anakuja Jumamosi."

Herieth akakubali. Gari inayoweza kuua mtoto wa watu utaing'ang'ania vipi? Lakini usiku ule hakulala vizuri. Kuiondoa ile gari uani ilikuwa kama kumzika baba mara ya pili.

Ijumaa akapata pancha karibu na soko la Mabibo. Akamwita Sekela, fundi tairi wa pale, mwanamke mwenye mikono ya kazi na mdomo usiopumzika.

Sekela akafungua nati, akaishusha tairi, akaguna. "Mdogo wangu, humu mmejaza mchanga?"

"Mchanga wa nini, dada?"

Sekela akatoa tairi ya akiba kwenye buti. Ile ilikuwa bado ya zamani. Akainyanyua juujuu tu, akasimama nayo anaipima kwa mikono. "Njoo huku," akasema.

Wakavuka na tairi zote mbili mpaka kwa Tupokigwe, muuza viazi, kwenye mizani yake kubwa.

"Leo mnauza tairi kwa kilo?" Tupokigwe akauliza.

"Tunauza, nawe utazikaanga," Sekela akamjibu.

Tairi ya zamani na rimu yake: kilo kumi na tano. Mpya: kilo ishirini na mbili.

"Kilo saba," Herieth akasema. "Mara nne ni ishirini na nane. Si kitu hicho. Mie peke yangu nina sabini, na gari hainung'uniki."

"Wewe umekaa juu ya springi. Springi zinakubeba. Tairi nani anaibeba? Ipo chini, inapigana na barabara yenyewe." Sekela akamwonyesha mbeba mizigo aliyekuwa anapita kwenye tope. "Muone yule na gambuti zake. Mpe viatu vyepesi, hizo gambuti abebe mgongoni. Lini atatembea vizuri?"

"Akizibeba mgongoni."

"Uzito ule ule, ila mguuni unachosha. Ndo gari yako sasa. Tairi nzito ikirushwa na shimo inachelewa kurudi chini. Ikiwa hewani haishiki barabara. Tena inazunguka. Kitu kizito ni kazi kukianzisha, na ni kazi kukisimamisha. Na hii mpira wake mwembamba, hauna hewa ya kumeza kishindo."

Herieth akakumbuka ule mkono kwenye boneti.

"Kwa hiyo nitafute rimu nyepesi?"

"Rudisha zenu za kiwandani. Siyo kila rimu kubwa ni nzito, na siyo kila nyepesi ni nzuri, nyingine zinapasuka. Soma kibandiko cha mlango wa dereva, kimeandikwa saizi ya tairi na upepo wake. Tairi za stoo nizikague kama zina nyufa. Na nati zake zije pia, usichanganye na hizi."

Jioni ile ile Herieth akazileta. Sekela akazikagua, akazifunga, akazipiga balansi zizunguke sawasawa.

Jumamosi Deogratias akafika mapema kumsubiri jamaa wa Mikocheni. Akaziona rimu za zamani, akakunja uso. "Sasa umeivua nguo mbele ya mteja?"

"Zile tumezipima kwenye mizani ya viazi, kila moja imezidi kilo saba. Shika ufunguo, kaka. Endesha wewe. Mama akae mbele."

"Mie sipandi," mama akasema mlangoni.

"Mara moja tu, mama. Ukiikataa tena, iuzwe."

Mama akapanda. Deogratias akaingia barabara ya mtaa. Shimo la kwanza, gari ikashuka ikapanda, kimya. La pili. Kwenye tuta akagusa breki, ikasimama pale pale alipotaka. Akalegeza mikono kwenye usukani.

"Punguza mwendo," mama akasema. "Baba yenu hapa alikuwaga anaenda polepole, anawasalimia watu."

Simu ya Deogratias ikaita. Akasimama pembeni, akapokea. "Ndiyo, braza. Hapana, gari haiuzwi tena. Samahani kwa usumbufu." Akasikiliza. "Rimu zipo. Ila njoo na mizani."

Akaweka simu mfukoni. "Turudi nyumbani, mama?"

Mama alikuwa ameshateremsha kioo, mkono upo nje, anampungia jirani.

"Piga raundi nyingine," akasema.