Mtamba Aliyetangulia Digrii

"Lengo la kwanza," alisema Waithira akiinua kidole, "ni kumaliza digrii ya pili. Lengo la pili ni kutoolewa mpaka la kwanza liishe. Una swali, Mwalimu?"

Kimeli, ambaye kwa kawaida ndiye aliyewauliza watoto wa shule kama wana swali, alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi nyuma ya duka la Mzee Gichuru, mjini Eldoret. Miguu yake mirefu haikujua pa kukaa.

"Na lengo la tatu?"

"Bado sijalipata."

"Mimi siwezi kuwa la tatu?"

"Wewe si lengo, Kimeli. Wewe ni mtu."

Jibu hilo lilimchanganya Kimeli. Tuseme kweli, lilimchanganya hata aliyelitoa.

"Haya, nimekubali," akasema Kimeli. "Nenda usome. Sitamwambia baba yako neno la ndoa mpaka wewe mwenyewe uniruhusu."

"Unaapa?"

"Mbele ya Mungu na mbele ya gunia hili."

Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu. Wazungu walikuwa wakiuza mashamba na kufunga virago, na Mzee Gichuru, aliyetoka Nyeri akiwa kijana na kulima pareto Timboroa kabla ya kufungua duka, alikuwa amepata kipande chake upande wa Kesses kupitia kampuni ya kununua mashamba. Binti yake naye alikuwa amepata nafasi Chuo Kikuu cha Nairobi, kusomea udongo kwa hiyo digrii ya pili.

"Udongo?" mzee alishangaa alipoambiwa. "Si nimeshaununua? Uko pale Kesses. Nenda ukausome bure."

Hata hivyo alikubali, na kanisani akajigamba mpaka mchungaji akamwomba aketi. Safari ilikuwa Jumatatu.

Jumamosi asubuhi Waithira alikuwa kule shambani akichambua maharagwe, shangazi yake Warigia alipopiga kigelegele kilichowatawanya kuku wote.

"Kuna nini, Shangazi?"

"Kuna bwana! Angalia langoni!"

Langoni alisimama Mwalimu Kimeli, amevaa koti la Jumapili, ameshika kamba. Mwisho wa kamba alikuwako mtamba mweusi mwenye paji jeupe, ng'ombe kijana ambaye hajazaa, akitafuna majani ya ua wa Mzee Gichuru bila haya.

"Mzee," alisema Kimeli kwa adabu, "nimemleta huyu akae kwako."

"Akae!" Mzee Gichuru alimkumbatia. "Atakaa, kijana wangu! Hata wewe karibu ukae! Warigia, ita majirani. Mbuzi achinjwe!"

Kwa watu wa Mzee Gichuru, kijana akileta mnyama nyumbani kwa msichana, hiyo huitwa kupanda tawi. Maana yake ni kwamba msichana amechumbiwa, na wengine wapite mbali. Waithira alilijua jambo hilo tangu utotoni. Aliacha maharagwe, akamvuta Kimeli kwa mkono wa koti hadi nyuma ya ghala.

"Uliapa mbele ya gunia!"

"Na sijavunja kiapo."

"Umemletea baba yangu ng'ombe!"

"Ndiyo. Hata ni wa gredi, wa maziwa mengi."

"Kimeli, wewe ni mzima kweli?"

"Nilikuwa mzima nilipotoka Moiben. Sasa sijui. Kwa nini wanachinja mbuzi?"

Kabla hajajibiwa, Mzee Gichuru alichungulia, uso unang'aa.

"Msichana wangu, hiyo habari ya Nairobi tuiache kwanza. Tawi likishapandwa halihamishwi. Udongo utakungoja."

Akaenda zake akiimba wimbo wa kanisani. Waithira akaegemea ghala, macho yamejaa machozi.

"Umefurahi? Nafasi yangu imekwenda."

"Tawi gani?" Kimeli alikuwa amepauka. "Waithira, sisi hatuna tawi! Kwetu ng'ombe huwekwa kwa rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Baba yangu ameweka ng'ombe kwa wazee wa Moiben nzima, na hajaoa hata mmoja wao!"

Waithira alitaka kucheka, akakumbuka kwamba amekasirika.

"Kwa nini umweke kwetu? Moiben hakuna nyasi?"

Kimeli aliangalia viatu vyake.

"Nyasi ziko. Lakini mwenye ng'ombe ana ruhusa ya kuja kumwangalia, hata kila Jumapili. Ningeuliza hali ya ng'ombe. Halafu, kama kwa bahati tu, ningeuliza kama kuna habari za Nairobi. Nilitaka sababu ya kuja ambayo si ndoa."

Hasira ya Waithira ilikuwa pale pale, lakini sasa ilikuwa imekosa pa kukaa, kama miguu ya Kimeli juu ya gunia. Alijifuta machozi, akatoka kwenda kwa wazee.

"Baba, huyu ng'ombe si tawi. Amewekwa tu."

"Amewekwa vipi?"

"Kama desturi ya kina Kimeli. Wewe unamchunga, ndama ni wake."

"Mimi Gichuru nimekuwa mchungaji wa ng'ombe wa mtu?"

"Maziwa ni yako, Mzee," Kimeli alisema haraka.

Mzee aliinama akamkagua mtamba chini ya tumbo.

"Maziwa yako wapi?"

"Akishazaa, Mzee."

"Na mbuzi wangu ameshachinjwa!"

"Tutamla kwa ajili ya safari yangu," alisema Waithira. "Baba, nisikilize. Lengo la tatu nimelipata. Ng'ombe atabaki hapa na mimi nitaenda. Siku atakapozaa, Kimeli ataniuliza kuhusu ndama. Nikisema amchukue, basi aliwekwa tu, na hakuna mwenye deni. Nikisema abaki, huyo ndama ndiye tawi. Nitalipanda kwa mkono wangu."

"Na kama ng'ombe ni tasa?" aliuliza Warigia.

"Shangazi!"

Mzee Gichuru alikuna kichwa kwa muda mrefu.

"Aliyeelewa ainue mkono."

Hakuna aliyeinua. Kimeli aliinua nusu, akaurudisha. Mzee alimtazama binti yake, akaona macho yaliyofanana mno na yake siku ile aliyoondoka Nyeri bila kumuuliza mtu.

"Haya, nenda," akasema. "Lakini kwanza tule."

Jumatatu Waithira alipanda gari la moshi. Kila Jumapili Kimeli alifika Kesses kumjulia hali ng'ombe. Mwanzoni mzee alimwacha asimame. Baadaye alimpa kigoda. Mwishowe akawa anamlalamikia akichelewa.

Miaka miwili baadaye, masomo yakiwa yamekwisha, Waithira alipokea simu ya maandishi:

NDAMA AMEZALIWA. JIKE. NIMCHUKUE? KIMELI.

Jibu lilifika Eldoret kabla jua halijatua. Kimeli alilisoma mara moja, akalisoma tena, kisha akampa Mzee Gichuru, aliyelishika mbali na macho na kulisoma kwa sauti mbele ya nyumba nzima:

"MWACHE HAPO HAPO. LA KWANZA NIMEMALIZA. WAITHIRA."

Shangazi Warigia akapiga kigelegele. Safari hii hata kuku hawakukimbia.