Tangazo la Kazi kwenye Ukuta wa Jikoni

Kila siku akitoka shuleni, Anja Perko aliingia duka la mikate la mama yake kwa mlango wa nyuma, akavaa aproni na kusaga kokwa za jozi. Hapa kwetu Pueblo, Desemba ni mwezi wa potica, mkate wa kuviringishwa wenye jozi na asali. Waslovenia wote wa mji huu huutaka, tena wote kwa siku moja. Mama alikuwa hoi. Shangazi Frances Godec, si shangazi wa damu bali mfanyakazi aliyetandaza donge la unga pale tangu enzi za bibi yake Anja, alikuwa hoi zaidi.

"Tutafute mtu," Mama alisema, akimpa Anja karatasi mbili. "Moja dirishani, moja ukutani jikoni. Sheria ya jimbo inataka mshahara uonyeshwe, na tulio nao kazini waarifiwe pia."

Anja akasoma: dola ishirini kwa saa. Shangazi alilipwa kumi na saba. Desturi ya bibi ilikuwa kwamba Krismasi ikifika, badala ya nyongeza, mfanyakazi anapewa potica mbili na shukrani. Shangazi akisoma hili si ataondoka? Na bila yeye, duka litafungwa. Anja alibandika karatasi ya dirishani, ile ya jikoni akaificha nyuma ya magunia ya unga. Shangazi hupita mlango wa nyuma, dirisha hataliona.

Kesho yake msichana mmoja alichungulia jikoni. "Samahani, ile kazi ya dola ishirini bado ipo?"

Mikono ya Shangazi Frances ilisimama, na donge likapasuka katikati ya meza.

"Ishirini?" alimwuliza Mama taratibu. "Marlene, mimi nimezeekea hapa."

"Tangazo lipo ukutani tangu jana," Mama alijibu bila kumtazama. "Ulivyonyamaza, nikadhani umeridhika."

"Ukutani hamna kitu."

Anja akaileta karatasi, machozi yakimlengalenga. "Niliificha mimi. Niliogopa utatuacha, Shangazi."

"Mwanangu, ambacho kingenifukuza ni huko kufichwa."

Mama aliketi juu ya gunia. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kujitetea. Akavuta faili la Shangazi, ambalo sheria inamtaka aandike humo kazi ya mtu na kila mshahara aliowahi kupata. Ukurasa ulikuwa karibu mtupu.

"Miaka yote hii ningeandika nini?" alisema. "Potica?"

"Potica hailipi umeme, Marlene."

"Najua. Nilijua nilipoandika lile tangazo, nikaomba moyoni usiseme kitu. Nisamehe." Aliandika dola ishirini na mbili, kuanzia siku ile, akamsomea Shangazi kwa sauti. Kisha akamgeukia binti yake. "Anja, kosa langu limelizaa lako. Ukiogopa mtu kusoma ulichokiandika, usifiche karatasi. Rekebisha kile unachomfanyia."

Anja alibandika tangazo ukutani, mahali ambapo kila mtu angeliona. Yule msichana alikuwa bado amesimama mlangoni, hajui aingie au aondoke.

"Na potica zangu za Krismasi?" Shangazi aliuliza.

"Zipo palepale."

"Haya." Alikusanya donge lililopasuka na kumwita msichana kwa ishara ya kichwa. "Nawa mikono, binti. Tunaanza upya."