Abiria wa Pikipiki ya Mtaliano

Pikipiki ya Mtaliano ilikuwa imesimama barazani kwa Mwaro tangu mwezi wa Maulidi, na vumbi la Matsangoni lilikuwa limeivaa kuanzia taa hadi bomba la moshi, isipokuwa mahali pamoja. Siti ya nyuma, ile ya abiria, iling'aa. Nyevu, mke wa Mwaro, aliipitishia kidole asubuhi akifagia, na kidole kikatoka safi. Akajiambia ni mumewe aifutaye. Lakini mwanamume gani huyo afutaye siti ya nyuma akaiacha ya mbele?

Mwenyewe alikuwa Renzo, mzee aliyekuja nayo kutoka kwao Italia, akaikata Misri na Sudan mpaka Malindi, na Mwaro ndiye aliyekuwa fundi wake. Kisha siku moja akapanda ndege na kibegi cha mgongoni, hata kwaheri hakuaga. Alipofika kwao akapiga simu: iuze, tugawane. Haya, iuze vipi? Pleti ya namba ni ya Italia, na kibali cha forodha cha kuiweka Kenya kilikwisha mwaka juzi. Wateja walikuja, wakaishangaa, wakauliza karatasi, wakaenda zao.

"Mumeo ameoa chuma," Mishi, jirani yao, alimwambia Nyevu juu ya ua. "Ukewenza na bati, mwenzangu. Angalau huyo hatakuibia sukari."

Nyevu alicheka, lakini kicheko hakikushuka moyoni.

Alipokuja Peterson, muuza spea wa Kilifi mjini, Nyevu aliona Mungu amemsikia.

"Karatasi?" Peterson akauliza.

"Ziko, ila zimepitwa na wakati," Mwaro akajibu.

Peterson akacheka puani. "Bwana Mwaro, hii nikiitoa barabarani, askari wa kwanza atanisimamisha, wa pili atanilaza ndani. Na ushuru wake unashinda bei yake. Nitaichukua nikaivunje, niuze spea."

"Haivunjwi."

Namna alivyolitamka neno hilo ndiyo iliyomchoma Nyevu, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na Mwaro hajawahi kumtetea yeye hivyo, hata mbele ya mama mkwe anayemwita mvivu. Na papo hapo, nyuma ya Peterson, kwenye siti isiyo na mtu, ukapita mguno mdogo, mguno wa mwanamke aliyeridhika. Peterson akageuka, akajifuta shingo, akaondoka bila kuonja chai.

Tangu hapo Nyevu akawa mpelelezi. Shati la Mwaro lilinuka mawaridi na udi, na nyumbani mwao udi haujachomwa tangu harusi ya wifi yake. Akaipekua simu ya mumewe, akaulizia Watamu na Malindi yote, jina la hawara lisipatikane. Angelipata angeshukuru. Hawara ana kwao, ana mama yake, unaweza kwenda ukamtukana mpaka ukashiba.

Siku ya Alhamisi, jua la utosi, wakati kivuli cha mtu kimejificha chini ya nyayo zake na hata kuku wamenyamaza, alimwambia Mwaro anakwenda kusaga mahindi, akazunguka, akaingia kwa mlango wa uani, akachungulia barazani kwenye ufa wa dirisha. Mwaro alikuwa ameketi juu ya pikipiki, macho ameyafumba, mikono kwenye usukani kama mtu aliye safarini, na harufu ya mawaridi ilikuwa nzito kiasi kwamba Nyevu aliionja ulimini, na siti ya nyuma, ile isiyoshika vumbi, ikalalamika kidogo, ikabonyea taratibu kama godoro linapokaliwa na mtu asiye na haraka, na gurudumu la nyuma likashuka, na kengele ndogo kama za furungu la mguuni zikalia mara moja upande wa kushoto, mara moja upande wa kulia, na shati la Mwaro likaanza kukunjika kiunoni, huku na huku, vidole vitano na vidole vitano, vikimkumbatia kwa nyuma polepole, mpaka Mwaro akaegemea, akaegemea hewa isiyomwangusha, akatabasamu tabasamu ambalo Nyevu aliliona mara ya mwisho usiku wa fungate yao, na yule wa nyuma, aliyejua amechunguliwa, hata kama hana uso, akakigeuza kitu fulani kuelekea dirishani, kwa maana ule ufa ukamwingiza Nyevu pumzi ya baridi ndani ya jicho.

Hakupiga ukelele. Alikwenda Tezo kwa miguu, kwa Mama Ngowa, ambaye asubuhi hulima mihogo na alasiri hupunga pepo.

Mama Ngowa alikuja na chetezo chake. Mwaro akakalishwa kwenye mkeka, akakaa kama mtu aliyefumwa. Ubani ulipokolea, Nyevu akahisi shingo yake inakuwa nzito, na mdomo wake ukaanza kusema kwa sauti nyororo isiyokuwa yake.

"Msinifukuze. Mimi ni mke wa mtu."

"Mke wa nani?" Mama Ngowa akauliza, taratibu.

"Wa Renzo. Alinikuta kisimani Sudan, nikapanda. Mwanamume akikupakia asikuteremshe, amekuoa. Sasa amenitupa, na huyu fundi ndiye anayenituliza. Mume wangu hajaniacha, nitoke niende kwa nani?"

Mama Ngowa akamgeukia Mwaro. "Mpigie mumewe."

"Nitamwambia nini?" Mwaro akanong'ona.

"Mwambie atoe talaka. Huyu ni jini wa Kiislamu, anataka sheria."

Mwaro akapiga, akaweka sauti nje. Renzo, na Kiswahili chake cha Malindi, alisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza swali.

"Yeye iko hapo?" akasema. "Mimi ilikimbia sababu yake. Kila usiku mkono yake hapa, tumboni. Basi. Nakuacha. Nakuacha. Nakuacha."

Nyevu akalia kilio cha mwenzake, akaanguka. Alipoamka, harufu ilikuwa imekwisha.

"Ameachwa," Mama Ngowa akasema, akafunga mkoba wake.

Peterson aliitwa, akarudi na lori juma lile lile, akaifungua pikipiki palepale, skrubu kwa skrubu, na Mwaro akamshikia spana. Nyevu alifurahi mpaka akampikia Mishi wali wa nazi, akamsimulia yote.

Mishi alikula, akalamba kidole, akauliza polepole. "Lakini Nyevu, mwanamke akiachwa hukaa eda pale pale talaka ilipomkuta. Miezi mitatu. Wa kwenu kaikalia wapi?"

"Na eda ikiisha," Mishi akaendelea, sasa hata yeye hataki kujisikia, "si anakuwa huru kuolewa?"

Nyevu akaliweka tonge chini. Akageuza shingo, akamtazama mumewe aliyekuwa uani. Mwaro alikuwa ameketi kwenye gogo, akihesabu kitu kwa vidole.

Nyevu akahesabu pia. Aliweka kisomo, akafukiza nyumba, akalala akimshika mumewe kiuno kwa mikono miwili. Miezi mitatu ikapita kimya, wala hapakunuka kitu. Siku ya tisini na moja Mwaro alitoka kunyoa, akarudi kutoka soko la Malindi na pakiti mbili za karatasi zilizofungwa sawasawa. Ya kwanza akampa Nyevu: doti ya leso, nyekundu, nzuri. Ya pili, rangi ile ile, bei ile ile, akaiweka kwa adabu juu ya kiti kisicho na mtu.

"Na hiyo ya nani?" Nyevu akauliza.

Mwaro hakumtazama. "Mwenye wawili hapendelei, Nyevu. Unajua hivyo."

Asubuhi yake Nyevu alipotoka uani, doti ya pili ilikuwa kambani, imekatwa, imeshonwa pindo, imefuliwa, inachuruzika maji.