Aliyekaa Kwenye Usukani

Jua lilikuwa linazama wakati Cheche alipoegesha baiskeli kando ya geti la chuma na kushusha sanduku lake la vifaa. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mwanamke alimpigia simu mchana, akasema pikapu yake ya zamani imegoma, stata inazunguka lakini injini haishiki, na lazima asafiri leo hii hii. Cheche alikuwa fundi umeme wa magari. Jina hilo alipewa na wenzake gereji, nusu kwa ajili ya kazi yake, nusu kwa ajili ya hasira zake za karibu.

Ubaya wake ulikuwa mmoja. Alijiona hodari wa kusoma watu. Akikutupia jicho mara moja, kesi imesikilizwa na hukumu imetoka.

Basi alimtupia jicho mwenye simu. Mwanamke kijana, macho yamevimba. Nyuma ya pikapu kulikuwa na mabegi, ndoo ya vyombo na godoro lililofungwa kamba haraka haraka. Kwenye kizingiti cha mlango alikaa mtoto wa kike wa miaka minne hivi, mwembamba mno, akiitazama pikapu bila kupepesa macho.

"Gari ya nani hii, dada?"

"Ya mume wangu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Mwanamke aligeuka kutazama geti. "Wewe tengeneza tu, kaka. Giza lisitukute hapa." Akamnyanyua mtoto, akaingia naye ndani kumalizia kufunga mizigo.

Ahaa, Cheche akajisemea. Huyu anamtoroka mtu.

Alifungua boneti, akapaza sauti kuelekea nyumbani aje mtu wa kumpigia stata. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anashika waya wa plagi karibu na chuma aone kama moto unaruka, mwingine anakaa kwenye usukani azungushe funguo. Na boneti ikishapanda, wa mbele hamwoni wa ndani. Wanasikilizana tu.

Mlango wa pikapu ulilia. Kiii...

Ukafungwa taratibu. Pikapu ikainama kidogo upande wa dereva.

"Tayari," sauti ya kiume ilinong'ona.

Kumbe bwana mkubwa yupo, Cheche akawaza. "Haya, piga!"

Stata ikazunguka. Hakuna moto. Alifungua kifuniko cha distributa, panapogawiwa moto wa plagi, akachungulia kwa tochi na kukunja uso. Kondensa, kikopo kidogo cha kuupa moto nguvu, haikuwepo. Haikuwa imeungua wala kukatika waya. Mtu alikuwa amefungua skrubu yake vizuri, akaichukua na kuirudisha skrubu mahali pake. Kazi ya fundi kabisa. Lakini ni fundi gani anaiba kadude kama kale na kuacha betri nzima?

Alikuwa nayo moja kwenye sanduku. Akaifunga, akasugua platini, vile vyuma vidogo vya kukata umeme, kwa msasa, akarudisha kila kitu.

"Piga!"

Ta! Ta! Ta! Moto wa buluu ukaruka kutoka kwenye waya. Cheche akatabasamu. Na hapo ndipo harufu ilipomfikia. Udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa muda huo huo. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili.

"Fundi..."

"Naam, kaka."

"Usiiwashe."

Mkono wa Cheche ulibaki juu ya kifuniko.

"Anamchukua mtoto wangu. Nimemsihi, hasikii. Wewe ni mwanamume mwenzangu... mwambie imekufa."

Jamani, huruma ilimshika. Akamkumbuka yule mwanamke na mabegi yake, alivyotazama geti, alivyokwepa swali, akaona kila kitu kimekaa mahali pake. Hakuuliza swali hata moja. Aliinua kifuniko, akachomoa rota, kile kidude kinachozunguka ndani na kugawa moto kwa kila plagi. Bila rota, hata uzungushe stata mpaka asubuhi, gari haiwaki. Akaitia mfukoni.

"Ahsante," sauti ikasema. Ilikuwa karibu zaidi kuliko usukani ulivyokuwa.

Mwanamke alitoka mbio, mtoto begani. "Vipi, fundi?"

"Imekufa, dada. Pole sana."

Hakulia. Alimtazama tu, na Cheche akajikuta anayakwepa macho yake.

"Wewe ni wa nne," alisema polepole. "Wote wamekuja jioni, baada ya kazi zao. Wote wamesema imekufa, kwa neno hilo hilo. Na wote wameondoka mkono mmoja mfukoni, kama wewe hapo."

Cheche aliutoa mkono mfukoni kana kwamba umeungua.

"Halafu samahani, nilisahau kukupa hii." Mwanamke alinyoosha kiganja. "Ulikuwa unajaribu na nini?"

Funguo.

"Si... si mumeo anayo nyingine?"

"Ipo moja tu, fundi. Na mume wangu tumemzika mwezi uliopita."

Cheche alizunguka boneti. Mlango wa dereva ulikuwa umefungwa. Ndani hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimebonyea katikati, na polepole, mbele ya macho yake, sponji ikaanza kupanda.

"Baba ameshuka," mtoto alisema.

Mama yake alimkumbatia kwa nguvu. "Tangu mazishi hali chakula, ila uji kidogo wa kulazimishwa," alinong'ona. "Anasema baba amemwambia asile, waende pamoja. Anasema ameshamtengea nafasi pembeni yake. Leo asubuhi nimeshindwa kumwamsha, kaka. Nimemtingisha mpaka nikapiga kelele, ndipo akafumbua macho. Akilala hapa tena usiku wa leo, sidhani kama ataamka."

Kwa nini marehemu hakuichomoa rota mwenyewe? Anayeweza kupiga stata bila funguo anashindwaje na kifuniko cha plastiki? Swali hilo Cheche hajalipatia jibu mpaka leo. Wakati ule hakujiuliza. Aliona aibu tu, aibu ya kumchoma kifua, kwamba alihitaji maneno matatu ya mwanamume asiyemwona ili amhukumu mwanamke aliyekuwa mbele yake. Alirudisha rota kwa pupa, ikamponyoka mara mbili.

"Fundi..." Sasa ilikuwa sikioni kabisa. Baridi. "Mwenzangu... unafanya nini?"

Alibana kifuniko na kushusha boneti kwa kishindo.

"Washa, dada! Washa!"

Mwanamke alipanda na mtoto, akazungusha funguo, injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikashika.

Pikapu ilitoka getini na godoro likiyumbayumba, na mwanamke hakugeuka nyuma. Vumbi likatulia. Cheche akabaki peke yake kwenye ua wa nyumba isiyo na taa hata moja, anaokota bisibisi zake kwa kupapasa.

Harufu ya udongo haikuwa imeondoka.

"Sasa umeniachia nani?"

Aliacha sanduku. Aliacha tochi ikiwaka chini. Alipanda baiskeli na kukanyaga mpaka nyumbani, na njia nzima baiskeli ilikuwa nzito kana kwamba amempakia mtu.

Mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa, na walikuwa wamekubaliana tangu wiki iliyopita kwamba kesho aende kumuuguza.

"Umechelewa, baba watoto. Uniamshe mapema basi, nisikose basi la kwanza."

Cheche alifungua mdomo aseme sawa. Alitaka kusema sawa. Moyoni alikuwa ameshasema.

"Huendi popote," mdomo ukasema, kwa mnong'ono ule ule wa kwenye pikapu.

Alijaribu kucheka, aseme ni utani. Kicheko hakikutoka.

Mkewe, ambaye kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa hakuwahi kumwogopa hata siku moja, aliiweka nguo chini na kurudi nyuma hatua moja.