Alichokiona Yovana Kwenye Ukungu

Miezi ya baridi ikifika Lima, mji mkuu wa Peru, mtaa wa Las Retamas hupotea. Nyumba zipo palepale ubavuni mwa kilima, moja juu ya nyingine kama vyombo kabatini, lakini ukungu hutoka baharini alfajiri, hupanda polepole, huingia vichochoroni na kukaa humo siku nzima kama mgeni asiyejua kuaga. Mtu akinyoosha mkono, vidole vyake huonekana kama vya mtu mwingine. Maua ya manjano huchipua kati ya mawe, na hakuna ayaonaye mpaka ayakanyage.

Katika miezi hiyo Yovana, msichana wa miaka kumi na miwili, alirudi kutoka shuleni kwa kusikilizwa. Alipofika chini ya ngazi ndefu alipuliza filimbi yake mara moja. Kutoka mahali fulani ndani ya weupe ule, filimbi nyingine ilimjibu mara moja. Huyo ni mwenye duka la mkate. Alipanda, akapuliza tena, akajibiwa na Bibi Eufemia. Juu kidogo akajibiwa na Bwana Teofilo, fundi viatu. Mtaa ulimpokezana hivyo, mlango kwa mlango, hadi akasikia filimbi ya mama yake. Mlio mmoja maana yake ni "nipo". Milio mitatu mirefu maana yake ni "mwizi".

Mpango huo wakazi waliupanga pamoja na Afande Tarrillo. Kituo cha polisi kiko bondeni, na gari lake haliwezi kupanda ngazi mia moja themanini. Basi mama yule mwenye sare alipanda kwa miguu kila Alhamisi, akaketi jikoni kwa watu, akanywa chai yao, akajua majina ya watoto na hata ya mbwa. Wakazi wakachagua kamati ya ulinzi. Mama yake Yovana, Mama Nelida, ndiye aliyevishwa kizibao cha rangi ya machungwa cha kiongozi. Alikifua kila Jumapili na kukianika peke yake kwenye kamba, mbali na nguo nyingine.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane, Yovana alikuwa anapanda ngazi na rafiki yake Brisa.

"Hiyo filimbi yako ni ya kuitia kuku tu," Brisa alimtania. "Kaka yangu mwaka jana alipuliza mara tatu, wakakamata mwizi wa nyaya. Wewe umewahi kukamata nini? Mafua?"

"Siku yangu itafika."

"Itafika umeshakuwa bibi, huna meno ya kupulizia!"

Brisa akacheka, akakata kona kwenda kwao. Kicheko chake kilibaki hewani kidogo baada ya yeye mwenyewe kumezwa na ukungu.

Yovana alipanda peke yake. Alikuwa hajafika kwa Bibi Eufemia alipoona kivuli kikishuka ngazi kutoka juu. Kilimpita upande wa pili, kimya. Aliona koti la kijani na mtungi wa gesi begani. Hakuona uso. Hatua chache baadaye akamsikia Bibi Eufemia akipiga kelele nyumbani kwake:

"Gesi yangu! Jamani, wamechukua mtungi wangu!"

Filimbi ilikuwa tayari mdomoni. Akapuliza: mlio mrefu, wa pili, wa tatu.

Kilima kizima kilijibu. Milango ilifunguka, filimbi zikalia juu na chini, miguu ikatwanga ngazi. Watu walitokeza kwenye ukungu wakiwa na mifagio, na mmoja na mwiko wa supu. Kabla Yovana hajapumua vizuri, walikuwa wamemzingira kijana mmoja kwenye kiwanja kidogo chenye nguzo ya taa. Alikuwa na koti la kijani. Mtungi ulikuwa miguuni pake.

"Ni yule mgeni!" mtu alisema. "Yule wa kutoka Venezuela, wa nyumba ya juu kabisa."

"Mtungi huu ni wangu," kijana alisema akihema. "Mtupu. Nauteremsha dukani kubadilisha. Nyanyueni wenyewe muone."

Bwana Teofilo akaunyanyua. "Kweli mtupu. Bibi, wako je?"

"Wangu nao ulikuwa unakaribia kwisha," Bibi Eufemia alijibu. "Jana maharage yalinichelewesha mpaka nikalia."

Na mitungi ya gesi yote inafanana. Ukipeleka mmoja dukani unapewa mwingine. Hakuna anayejua wake wa mwaka jana uko wapi. Basi watu wakageuka wote pamoja kumtazama Yovana.

"Yovana, mwanangu," Bwana Teofilo aliuliza, "ulimwona huyu akitoka mlangoni kwa Bibi Eufemia?"

Hakuwahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile. Nyuso zilielea kwenye ukungu zikimngoja, na mbele yao alikuwa Brisa, mdomo wazi.

"Nilimwona," Yovana akasema.

Neno moja tu. Lilitoka jepesi kama pumzi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Walimfunga kijana kwenye nguzo, pale ambapo wakazi wameninginiza sanamu la matambara lenye kibao: MWIZI TUKIKUKAMATA HUPELEKWI POLISI. Sanamu kama hilo ziko katika mitaa mingi ya vilimani, na Afande Tarrillo alikuwa amewaomba mara tatu waliondoe. Mtu alileta ndoo ya maji ya baridi akammwagia. Vijana wakaanza kupandisha sauti.

"Jioni hii ahame! Yeye, mkewe na mtoto wao!"

"Jioni ya nini? Sasa hivi!"

Mama Nelida alifika akikimbia, kizibao kimegeuzwa ndani nje kwa haraka. Akasimama kati ya kijana na watu.

"Hakuna atakayemgusa mpaka Afande afike. Leo ni Alhamisi, yuko njiani."

"Afande wa nini, mama? Mwanao mwenyewe kamwona!"

Mama alimtazama Yovana. Hakuuliza kitu. Alimwamini, na kule kuaminiwa kulimchoma Yovana kuliko kofi.

Ndipo mke wa kijana akatokea kwenye ngazi za juu, mtoto mchanga amemfunga kifuani. Hakupiga kelele. Alimtazama mumewe anavyotetemeka, maji yakimchuruzika nyweleni, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Nani kamwona akiiba?"

Vidole vyote vilimwonyesha Yovana. Mwanamke akamsogelea, akainama hadi macho yao yakalingana.

"Ulimwona, mdogo wangu? Niambie tu. Kama ulimwona, nitaenda kufunga mizigo."

Yovana alifungua mdomo. Ukungu ukaingia.

Afande Tarrillo alifika akitweta, kofia mkononi. Alisikiliza kila mtu bila kumkatiza. Kisha akaketi kwenye ngazi ya mawe, akapigapiga nafasi iliyokuwa kando yake, na Yovana akaketi.

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Chini ya mlango wa Bibi Eufemia. Ngazi kama kumi chini."

"Mlango wake unaonekana kutoka pale?"

Yovana akatikisa kichwa.

"Basi usiniambie ni nani mwizi. Niambie macho yako yaliona nini, tangu mwanzo."

Kilima kizima kilikuwa kinasikiliza. Yovana alijua kwamba akisema, filimbi yake itachekwa hadi amalize shule, na mama yake atavua kizibao. Alimtazama mtoto aliyelala kifuani mwa mama yake, kofia yake ya sufu imejaa vitone vidogo vya manyunyu.

"Niliona koti la kijani na mtungi," alisema. "Lilikuwa linashuka kutoka juu. Kutoka juu kabisa, Afande, siyo mlangoni kwa Bibi. Nilimsikia Bibi akipiga kelele, nikapuliza. Halafu Bwana Teofilo akaniuliza, na... wote mlikuwa mnanitazama. Sikumwona akitoka kokote. Nilisema uongo."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mabati.

"Ama kweli, filimbi ya kuku," Brisa alisema, lakini sauti yake haikuwa na utani.

Mama Nelida alikwenda kwenye nguzo, akafungua kamba kwa mikono yake mwenyewe, akavua shali yake na kumfunika kijana mabegani.

"Wakati sisi tumezunguka nguzo hii," Afande alisema akisimama, "aliyechukua mtungi wa Bibi Eufemia anaenda zake taratibu, hana hata haraka. Haya. Kila mtu aniambie alichoona au alichosikia kabla ya filimbi. Hata kama ni kidogo. Sitaki unachodhani."

Mwanzoni walitazamana viatu. Kisha Bwana Teofilo akakohoa.

"Mimi nilisikia bajaji njia ya nyuma, ile nyembamba isiyopita gari. Imesimama, injini inanguruma. Nikadhani... samahani. Nilisikia bajaji."

"Mimi nilikuwa naanua nguo," akadakia jirani yake. "Niliiona. Ya manjano. Nyuma wamefunika kitu kwa blanketi la mistari."

"Ilishuka bila kuwasha taa, na ukungu wote huu!" mvulana mmoja akasema. "Ilitaka kunigonga."

"Ilikata kulia, kwenye njia ya matanuri ya matofali," akamalizia muuza mkate, ambaye duka lake liko chini kabisa.

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameona kitu kizima. Mmoja alikuwa na sauti, mwingine rangi, mwingine kona tu. Lakini walivyoendelea kusema, bajaji ile ilitokeza mbele yao kidogokidogo, kana kwamba mtu ameupuliza ukungu. Afande alikuwa ameshashika redio yake ya mkononi.

Haikupita saa moja wakajibiwa kutoka bondeni. Bajaji ya manjano imekamatwa kwenye matanuri, na chini ya blanketi la mistari kuna mitungi minne. Bibi Eufemia alijifuta macho kwa aproni.

"Maharage yangu yataiva leo," alisema, na watu wakacheka kwa haya, kama wanaoomba ruhusa ya kucheka.

Lakini Yovana hakucheka. Mama yake alimshika mkono, wakapanda ngazi hadi nyumba ya juu kabisa. Mke wa kijana alifungua mlango nusu. Ndani, mumewe alikuwa amekaa karibu na jiko, bado na shali mabegani.

"Nimekuja kuomba msamaha," Yovana alisema. "Kwako, na kwa yule... kwa mume wako."

"Ana jina," mwanamke alijibu. "Miezi minne tupo hapa. Wanamwita mgeni, na leo wamemwita mwizi. Anaitwa Yorman. Msamaha wako nimeusikia, mdogo wangu, lakini waliomwita mwizi ni watu wote, na wewe unaniomba msamaha mlangoni peke yangu."

Mlango ukafungwa, taratibu, bila kubamizwa.

Yovana aliketi kwenye ngazi akalia. Mama akaketi naye, akamkumbatia ubavuni kwake kama alivyofanya alipokuwa mdogo.

"Utavua kizibao, mama?"

"Jumamosi nitawaambia wakazi waamue. Nami nina kosa. Sikukuuliza, niliona ni mwanangu, ikatosha." Akamfuta machozi kwa kidole gumba. "Sikiliza. Afande ana macho mawili tu, ndiyo maana anatuomba yetu. Sisi ndio tunajua nani kapita, mlango gani umeachwa wazi. Lakini jicho la jirani likisema uongo, ni afadhali mtaa usiwe na jicho kabisa. Pale macho yako yalipoishia, mwanangu, na mdomo wako uishie papo hapo. Kusema 'sikuona' siyo aibu. Nayo ni kazi ya ulinzi."

Jumamosi, wakazi walijaa kwenye kiwanja. Sanamu la matambara lilikuwa limeshateremshwa. Bwana Teofilo alisema amechukua viatu vya sanamu hilo kuvishona. Yovana alisimama mbele.

"Bwana Yorman Cedeño hakuiba," alisema kwa sauti yote aliyokuwa nayo. "Mimi Yovana nilimsingizia. Naomba anisamehe."

Bwana Teofilo naye akavua kofia. "Na mimi anisamehe, niliyeuliza swali huku jibu ninalo tayari." Aliyemwaga maji akanyoosha mkono juu. Kisha mwingine. Mama Nelida aliachiwa kizibao chake, kwa sharti moja: siku nyingine auulize kwanza umati umeona nini, halafu amuulize na mwanawe.

Yorman akasema, "Nimekusamehe, Yovana. Maji yalikuwa ya baridi mno, hayo nitayasahau polepole." Watu wakacheka, na safari hii hawakuomba ruhusa.

Mkutano ulipokwisha, ukungu ulikuwa umerudi. Yorman, mkewe na mtoto walipanda ngazi, na baada ya hatua tano Yovana hakuwaona tena. Akasikia tu, kutoka mlango mmoja usioonekana, "Usiku mwema, Yorman." Juu kidogo, sauti nyingine: "Yorman, kesho njoo unywe chai, bwana." Na juu zaidi, mbali, kule ambako macho hayafiki, mtu mwingine akaliita jina lile lile.