Aliyeomba Kutembea Kwenye Kandili Langu

Mie Marhoon sina woga, na anayebisha akaulize Unguja. Ujanani nilimtoa jini kwenye kisima cha Mkunazini kwa kiatu kimoja, tena cha kushoto. Dawa yao naijua: jini akikufuata, zima taa. Asichokiona hakifuati. Nimewafundisha watu wengi dawa hiyo hapa Maskati, bure kabisa.

Nayasema haya mapema ili mjue kuwa aliyetetemeka jioni ile si mtu wa kutetemeka ovyo.

Ulikuwa mwaka wa sitini na saba. Nikikaa peke yangu, chumba kimoja nje ya ukuta wa mji. Mke wangu Nasriya alibaki Unguja, na barua zake zilikuwa zimekatika. Jirani yangu Bi Mahbuba, mjane wa Malindi, ndiye pekee aliyekuwa akinitukana kwa Kiswahili, na wallahi nikimshukuru.

Magharibi hiyo nilikuwa kwa Bwana Thorley, Mwingereza aliyekuwa rubani zamani za vita. Mchana akifanya kazi ya mafuta. Jioni akifanya kazi ya wafu. Nyumba yake ilijaa makaratasi ya marubani wa Kijerumani: vitabu vya askari, madaftari ya safari za ndege, barua, picha zilizoliwa na mende. Anaokota jina hapa, namba ya kikosi pale, mpaka anajua kijana fulani alikuwa kikosi gani, aliruka siku gani, kaangukia wapi. Kisha anawaandikia jamaa zake.

"Wa nini hawa, Bwana? Si walikuwa adui zako?"

"Kuna mtu anangoja, Marhoon."

Safari hii alikuwa na daftari dogo la kijana mmoja, Anselm, aliyeanguka jangwani Libya mwaka wa arubaini na mbili. Ndegeni walikuwa wanne. Mabaki ya miili yalizikwa kando ya ndege, hakuna aliyeyahesabu. Daftari lake likaokotwa na wachunga ngamia, mbali na pale. Dada yake, huko Ujerumani, akimtafuta miaka ishirini na tano.

Kurasa za Kijerumani Bwana alizisoma mwenyewe. Ukabaki ukurasa wa mwisho, wa penseli, na huo ulikuwa wa Kiswahili. Kijana alizaliwa shamba la mkonge Muheza, akalelewa na yaya wa Kidigo. Labda mtu roho ikimfika ukingoni hurudi kwenye lugha ya aliyembeba mgongoni.

"Nisomee," Bwana akasema.

Sasa nikwambieni ukweli. Penseli ilikuwa imefifia, na mie miwani sina, kitu cha karibu sikioni. Lakini Marhoon aseme haoni? Nikalishika daftari, nikakohoa, nikatunga.

"Tumeanguka. Wenzangu wako nami. Siogopi. Mwambieni dada asinitafute tena, nimelala na rafiki zangu."

Bwana akalia. Mtu mzima na masharubu yake! Nikajiona fundi. Akakaa pale pale kumwandikia dada: kaka yako yumo kaburini pamoja na wenzake, acha kutafuta. Barua ingeondoka na meli ya asubuhi. Mie nikapewa daftari ninakili ule ukurasa kwa hati nzuri, nirejeshe alfajiri.

Nikawasha kandili langu, nikatoka. Isha ilikuwa imeshaswaliwa.

Siku zile saa tatu baada ya magharibi ngoma ilipigwa, milango ya mji ikafungwa, na anayekutwa njiani bila ya kandili alilala korokoroni. Tochi haikubaliwi. Ndiyo ikawa ada: asiye na kandili akikuomba kutembea kwenye lako, humkatai. Na ukishamkubali, unamfikisha.

Kichochoro kilikuwa kitupu. Nasikia mguu wangu mbovu wa kushoto tu ukikwaruza... kwaru... kwaru...

Kisha nikasikia mwengine.

Nyuma yangu. Hatua nzito, za kuburura, kama mtu anayetembea kwenye mchanga mwingi. Na pale chini palikuwa mawe matupu.

Harufu ikaja. Mafuta ya mashine. Ngozi iliyoungua.

"Shikamoo, mzee." Sauti kavu, ya kunong'ona. "Naomba nitembee kwenye taa yako."

Kiswahili cha Mrima, cha Tanga kabisa. Nikafurahi, nikasema leo nimepata mtu wa kwetu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umepotea?"

"Nimepotea."

"Nani kakuachia utoke bila ya kandili, mkeo kakufukuza?"

Hakucheka. Akawa ubavuni mwangu, nusu hatua nyuma, pale mwanga unapoishia. Nikampigia hadithi ya jini wa Mkunazini. Daftari likanilemea kwapani kama tofali.

"Ni mbali?" akauliza.

"Si mbali."

"Kuna maji?"

"Kwangu yapo. Mtungi mzima."

Tukafika mlango mkubwa wa mji, ngoma bado haijapigwa. Askari Mbaluchi akaniinulia mkono, kisha akatazama ubavuni mwangu, akakunja uso.

"Pita. Na mwambie huyo mwenzako, kesho abebe lake."

Basi alimwona. Kumbukeni hilo. Sikuwa peke yangu.

"Ni mbali?" akauliza tena, kule nje.

"Mlango ule pale."

Nikageuka kumwonesha, na kandili likageuka nami.

Kofia ya ngozi iliyobana kichwa. Miwani mikubwa ya vioo juu ya paji. Midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Na mchanga... mchanga ukimwagika mikononi mwake, taratibu, hauishi.

"Maji," akasema.

Nikafanya ile dawa yangu.

Nikalipuliza kandili.

Giza.

Sikusikia kilio. Nikasikia hatua zikizunguka. Zikaja karibu. Zikaenda mbali. "Mzee?" Mara moja tu, kama mtoto anayeita ndani ya nyumba isiyo na watu. Nikapapasa mlango, nikajifungia, nikakaa nimelikumbatia daftari hadi adhana.

Alfajiri nikagonga kwa Bi Mahbuba.

"Niazime miwani yako."

"Ala! Si wewe unayeona sisimizi kutoka juu ya paa?"

"Niazime, bibi. Nakuomba."

Alivyoniona usoni hakunitania tena. Nikasoma pale pale kizingitini kwake.

*Wenzangu wote wamekufa, nimewaacha kwenye ndege. Siku ya pili maji yamekwisha. Usiku wa tatu naona kandili. Mtu mfupi, anachechemea mguu wa kushoto. Anajua Kiswahili. Amenikaribisha. Anasema kwake kuna maji.*

Chini kabisa palikuwa na neno moja, herufi zimepinda kama zimeandikwa gizani.

*Amelizima.*

Nikaenda kwa Bwana mbio, kwa mguu huu huu. Barua ilikuwa mezani, imeshafungwa.

"Usiipeleke," nikasema. "Nilikudanganya. Sikuona neno hata moja."

Nikamsomea. Nilipofika pale pa yule mtu mfupi, Bwana aliutazama mguu wangu. Nikadhani atanitoa nje kwa mateke.

"Ile ndege," akasema mwisho, "mimi ndiye niliyeiangusha."

"Na mie ndiye niliyelizima."

Bwana akaichana barua, akaandika nyengine: kaka yako hakufa na wenzake. Alitembea siku tatu. Hatujui alipo.

Mwaka huu wa sabini, kwa amri ya sultani mpya, milango ya mji imeachwa wazi. Anayetaka kutembea gizani na atembee. Bwana Thorley kesharudi kwao, na Bi Mahbuba ananicheka, ati Marhoon ndiye peke yake aliyebaki na kandili Maskati nzima. Namwacha acheke. Kila jioni naliwasha, naliweka kizingitini, na pembeni bakuli la maji. Usiku nasikia zile hatua, wakati mwengine mbali sana, wakati mwengine nyuma ya ukuta tu. Nafungua mlango, naita kwa Kiswahili.

Asubuhi kandili limeishiwa mafuta. Maji yamejaa vile vile.